Kondoo Wakitupa Mimba Baada ya Mvua Kubwa



Mvua ikizidi sisi huangalia mahindi na majani ya ng'ombe. Tuangalie pia zizi. Kondoo mmoja akitupa mimba, pengine ni bahati mbaya tu. Wakitupa watano au sita kwa wiki moja, na wana-kondoo wachanga wanakufa, mwiteni daktari wa mifugo siku hiyo hiyo.

Kinachoogopwa ni Homa ya Bonde la Ufa. Virusi vyake vilitambuliwa mwaka wa 1931 kwenye shamba la kondoo, hapa hapa Kenya. Kuna mbu wanaotaga mayai kwenye udongo wa mabonde yanayojaa maji. Mayai yenye virusi hukaa humo miaka mingi, makavu, mpaka mafuriko yaje. Ndiyo maana ugonjwa hupotea hata tukausahau. Ulizuka 1997 na mvua ya El Niño, na tena mwishoni mwa 2006. Mara hiyo ulianzia Garissa, lakini mapema 2007 ulikuwa umefika Kirinyaga na Maragua, kwa majirani zetu. Kenya nzima watu zaidi ya 150 walikufa.

Mtu huupata kwa kuumwa na mbu, kunywa maziwa mabichi, na hasa kwa damu. Nyama ikiiva vizuri virusi hufa. Hatari iko kwenye kisu, kabla ya sufuria. Na hapa tuseme ukweli: kondoo akiugua tunamchinja upesi ili hasara isiwe kubwa. Tena tunanyamaza, maana serikali ikisikia soko la mifugo litafungwa, na kondoo ndiye karo ya shule. Hasara hiyo ni ya kweli. Lakini anayechinja ndiye anayetangulia kuugua.

Mimba iliyotupwa msiishike kwa mikono mitupu, wala msimpe mbwa. Katibu wa kikundi aandike tarehe, boma na idadi.

Chanjo ya mifugo ipo, ila ni ya kabla. Ugonjwa ukishaingia, sindano moja ikizungushwa zizi zima inaweza kuusambaza. Kwa hiyo redio ikitangaza El Niño, ulizieni chanjo wakati huo, wala msingoje mbu.

Na ukishikwa na homa siku chache baada ya kuchinja au kuzalisha mnyama, mwambie mhudumu wa zahanati. Asipojua, atakutibu malaria au homa ya matumbo.