Fahamu: Bunduki za mbao kwenye bendi za gwaride Marekani

Bendi nyingi za gwaride za shule na vyuo Marekani huwa na kundi lisilopiga ala yoyote. Kazi yake ni kucheza na bendera, bunduki bandia na panga zisizo na makali.

Bunduki hiyo ikoje?
Ni ubao uliochongwa, wenye urefu unaokaribia mita 1, aghalabu mweupe, uliozungushiwa utepe usipasuke ukianguka. Haina mtutu wala pa kuwekea risasi. Mchezaji huirusha, ikazunguka hewani mara kadhaa, kisha huidaka.

Ilitoka wapi?
Jeshini. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, wanajeshi wastaafu waliunda vikundi vya ngoma na tarumbeta, vyenye walinzi wa bendera waliobeba silaha. Mwaka 1977 liliundwa shirika la Winter Guard International, linaloandaa mashindano ya ukumbini ya makundi haya ya bendera na bunduki bandia.

Mbona ina utata?
Kutokana na mauaji ya risasi shuleni, umbo lake tu laweza kuzua taharuki. Baadhi ya vikundi hutumia mbao zenye umbo jingine.

Kwa usalama, isafirishwe ndani ya mfuko. Kwenye ndege za Marekani, bunduki bandia hukaa kwenye mizigo, si mkononi.