Kumtumaini Mungu gizani: somo la Kitabu cha Maombolezo

Kitabu cha Maombolezo katika Agano la Kale ni kifupi: sura 5, aya 154. Kila sura ni shairi la kilio, na vilio vyote vitano vinahusu msiba mmoja, yaani kuanguka kwa Yerusalemu takriban mwaka 586 kabla ya Kristo. Mapokeo humtaja nabii Yeremia kuwa mtunzi, ingawa kitabu chenyewe hakitaji jina la mtu. Ndani yake tumaini kwa Mungu halingoji dhiki iishe. Linatamkwa mji ukiwa bado magofu.

Jeshi la Nebukadreza, mfalme wa Babeli, liliuzingira mji kwa karibu mwaka mmoja na nusu. Njaa ilipozidi na ukuta kubomolewa, mfalme Sedekia alitoroka usiku, akakamatwa karibu na Yeriko. Wanawe waliuawa mbele yake, kisha akapofushwa na kupelekwa Babeli katika pingu. Hekalu likateketezwa kwa moto. Maombolezo hayakawii kwa wafalme. Yanamtazama mtoto wa kunyonya ambaye ulimi wake umegandama kwa kiu, mama aliyefikia kumpika mwanawe, watu wanaonunua maji ya nchi yao wenyewe, na vijana wanaobebeshwa mawe ya kusagia.

Uchungu huo umepangwa kwa utaratibu mkali. Alfabeti ya Kiebrania ina herufi 22, na katika sura ya 1, ya 2 na ya 4 kila aya huanza na herufi yake, kutoka ya kwanza hadi ya mwisho. Ni ufundi ambao washairi wa kale wa pwani ya Waswahili nao waliujua, walipotunga kwa kufuata herufi za Kiarabu kuanzia alifu. Kwa utaratibu huo mwombolezaji anapitia huzuni yake yote bila kuruka herufi, na kilio kinapata mwanzo na mwisho.

Sura ya 3, iliyo katikati, inapewa uzito zaidi: kila herufi ina aya tatu, jumla aya 66. Anayesema ni mtu mmoja. Anamlalamikia Mungu waziwazi kwamba amemwongoza penye giza badala ya nuru, amemzungushia ukuta, ameyazuia maombi yake, na amemvizia kama dubu au simba. Kufikia aya ya 18 anakiri kwamba hata tumaini lake limepotea. Katika aya ya 21 analigeuza shauri: kuna jambo analirudisha moyoni kwa makusudi, na kwa sababu ya jambo hilo anatumaini. Hakuna kilichobadilika nje. Adui hajaondoka, wala chakula hakijapatikana. Kilichobadilika ni kile anachokikumbuka.

Aya tatu zinazofuata zinataja anachokikumbuka. Ya kwanza ni juu ya fadhili za Mungu zisizokoma, ya pili inasema rehema zake ni mpya kila asubuhi, na ya tatu inamwita Mungu fungu la msemaji. Neno fungu lina historia yake. Nchi ya Israeli iligawanywa kwa makabila, kila kabila likapata fungu lake la ardhi, isipokuwa Walawi, ambao fungu lao lilikuwa Mungu. Mtu aliyenyang'anywa ardhi anaposema hivyo, anadai urithi ambao Wababeli hawawezi kuuteka.

Baada ya hapo aya tatu mfululizo, za 25 hadi 27, zinaanza na neno lilelile la Kiebrania lenye maana ya wema: Mungu ni mwema kwa wamngojao, ni vema kungoja kwa utulivu, ni vema kubeba nira ujanani. Aya za 31 hadi 33 zinatoa sababu za kungoja: Mungu hamtupi mtu milele, akihuzunisha hurehemu, na kutesa si jambo analolipenda moyoni.

Hata hivyo malalamiko hayakomi. Katika aya ya 44 Mungu amejifunika wingu ili maombi yasipenye, na machozi ya msemaji yanaendelea kumiminika. Kwa mwandishi huyu, kulia na kutumaini vinakaa katika kifua kimoja. Anayemlalamikia Mungu bado anazungumza naye. Katika kitabu kizima Mungu ananukuliwa mara moja tu, katika aya ya 57 ya sura hii ya 3, akijibu sauti iliyoita kutoka shimoni. Jibu lake ni kwamba mtu huyo asiogope. Katika jibu hilo hakuna maelezo ya kwa nini msiba ulitokea, wala tarehe ya mwisho wake.

Sura ya 5 ina aya 22, lakini haifuati tena mpangilio wa herufi, na inamalizika kwa mashaka kama Mungu amewakataa watu wake kabisa. Wayahudi husoma kitabu hiki kila mwaka siku ya tisa ya mwezi wa Av, inayoangukia Julai au Agosti, kuomboleza hekalu lililoteketezwa na Wababeli na lile la pili lililobomolewa mwaka 70 baada ya Kristo. Hufunga, hupunguza taa, na wengi huketi sakafuni. Msomaji akifika kwenye aya ya mwisho hasimami hapo. Mkutano hurudia kwa sauti aya iliyotangulia, inayomwomba Mungu awarudishe kwake na kuzifanya upya siku zao kama zamani. Mashaka yamesomwa yote, lakini neno la mwisho linaachiwa ombi.