Udongo wa Mfinyanzi Kando ya Kisima

Newala imekaa ukingoni mwa uwanda wa juu wa Makonde, juu ya mchanga unaofyonza mvua na kuizamisha mbali. Vizazi vingi vilishuka bondeni kuteka maji. Huko Masasi, chini ya uwanda, visima vifupi vinawezekana, na hatari yake ni hiyohiyo: kinachomwagwa juu hakichelewi kufika chini.

Kinga yake ni ya kale. Juu ya kokoto zinazozunguka kisima hushindiliwa tabaka la udongo wa mfinyanzi, kisha sakafu ya zege. Chembe za udongo huo ni ndogo mno. Maji hupenya kwa taabu. Kwingineko duniani, mahandaki yaliyojazwa udongo wa namna hiyo huzungushiwa madampo ili sumu isisambae ardhini. Ila ukikauka hupasuka.

Kwa hiyo mgonjwa anayerudi na kuhara aulizwe pia habari za kisima: sakafu ina ufa? Choo cha shimo kiko umbali wa mita 30? Kuchemsha maji huua vimelea vya kipindupindu. Naitreti itokayo chooni haiondoki kwa moto, nayo huinyima damu ya mtoto mchanga uwezo wa kubeba oksijeni, hasa akikorogewa maziwa ya kopo kwa maji hayo.