Maji Ndiyo Njia Yake

Leo nitazungumza habari za samaki. Najua wazee wetu wa upande huu wa mlima hawakuwa walaji wa samaki, lakini huyu nimtajaye ana jambo la kutufundisha sisi tunaoishi kando ya mito.

Samaki huyu anaitwa mkunga. Ni mrefu na mwembamba, anateleza, na mtu akimwona ghafla hudhani ni nyoka. Anapatikana katika mto Tana na mito inayouingia. Mwaka 1955 mtaalamu Mwingereza, Winifred Frost, alichapisha uchunguzi wake juu ya mikunga wa Kenya. Ajabu ya samaki huyu ni kwamba hazaliwi mtoni. Huzaliwa mbali sana katika Bahari ya Hindi, na wataalamu wanaona kwamba ni upande wa mashariki wa Madagaska.

Sasa jiulize, ndugu msikilizaji: mtoto asiye na mama wa kumwongoza hufikaje kutoka huko mpaka kwenye mito ya mlima Kenya?

Jibu ni kwamba maji humwongoza. Kwanza, akiwa mdogo na bapa kama jani, mkondo wa bahari humchukua kwa miezi kadhaa mpaka karibu na pwani ya Afrika. Hapo mwili wake hubadilika, akawa kama uzi, urefu wa sentimita tano hivi, tena anaangaza kama kioo. Mto unapomwaga maji yake baharini, kama Tana huko Kipini, yeye huisikia harufu ya maji yasiyo na chumvi na kuifuata. Maji ya bahari yakijaa huinuka apelekwe ndani ya mto. Yakianza kupwa hujificha chini asirudishwe. Akiisha kuingia mtoni huanza kupanda, hasa usiku, akipita kando kando na katikati ya mawe, mahali ambapo nguvu ya maji ni kidogo. Akikuta maporomoko hupanda juu ya mwamba ulio na unyevu, maana mwili wake mwepesi hushikamana nao.

Basi mnaona? Mto ukiwa na maji mengi, mwito wake hufika mbali baharini. Maji yakipungua, mwito unafifia. Maji yakikatika, hakuna njia.

Hata nchi za baridi zina jambo kama hili. Samoni huzaliwa mtoni, na watoto wake huteremka kwenda baharini wakisukumwa na maji. Katika mto Columbia kule Marekani, mabwawa yaliyapunguza maji mwendo, safari ya watoto hao ikachelewa, ikabidi maji yafunguliwe makusudi wakati wao wa kusafiri.

Kwetu nako tumejenga mabwawa. Katika Tana kuna Kindaruma la mwaka 1968, Kamburu la 1974, Gitaru la 1978, Masinga la 1981 na Kiambere la 1988. Yametupa umeme, nasi tunashukuru. Lakini ukuta mrefu uliokauka si mwamba wenye unyevu. Rupingazi inayopita Embu mjini huingia Thiba, na Thiba huingia bwawa la Kamburu. Kwa hiyo mkunga mdogo atokaye baharini hukutana na kuta kadhaa kabla ya kuifikia. Mutonga na Kathita za upande wa Meru huingia Tana chini ya mabwawa hayo yote matano. Kwa mito hiyo mlango haujafungwa.

Safari ya kurudi nayo inategemea maji. Mkunga hukaa mtoni miaka mingi, pengine kumi, pengine ishirini. Akikomaa, macho yake huwa makubwa, huacha kula, hungojea mafuriko na usiku wa giza, kisha huteremka mpaka baharini azae mara moja tu na kufa. Akipitia kwenye mitambo ya umeme aweza kukatwakatwa.

Je, kuna la kufanya? Liko. Huko New Zealand watu huwakamata mikunga wadogo chini ya ukuta na kuwapandisha juu kwa gari. Mahali pengine hutengenezwa njia ndogo ya mteremko, yenye kulowa maji daima, ili wapande wenyewe. Nasi tunaolima kahawa, chai na miraa tunaweza kuanza na mifereji na pampu zetu. Wakati wa kiangazi tusiunywe mto mpaka mchanga uonekane. Maji tunayoyaacha yapite hayapotei. Yule wa Tharaka huyanywa, yule wa Garissa hunyweshea ng'ombe wake, na mwisho wake yanamwita mtoto asiyeonekana, aliye mbali baharini.

Jioni ya leo, ukipita darajani, tazama maji yaendayo chini. Jiulize umemwachia nini aliye mbele yako mtoni, usiyemjua jina wala sura.