Mgeni, mwalikwa au mshirika?

Likizo iliyopita nilikuwa Njukini, kaskazini mwa Taveta, mahali ambapo ukisimama kwenye migomba unauona Mlima Kilimanjaro, na Rombo ya Tanzania si mbali. Mpwa wangu, kijana anayetengeneza muziki kwa kompyuta, alinijia na karatasi mkononi. “Shikamoo mjomba. Hebu nirekebishie Kiswahili cha jalada la albamu.”

Karatasi ilikuwa na mistari mitatu. Wa kwanza: “muziki wa kuchili”. Wa pili: “prodyuza”, kisha jina lake. Wa tatu: “pamoja na wageni wanne”. Basi. Wageni wenyewe hawakutajwa.

Tuanze na kuchili. Neno hili limetokana na Kiingereza, ambako maana yake ya msingi ni ubaridi. Wazungu walichukua ubaridi wakaufanya utulivu, kisha wakauita muziki wa taratibu wa kielektroniki chillout. Lakini njia hiyo Kiswahili kiliipita zamani. Kitenzi “burudi” na nomino “baridi” ni ndugu wa shina moja la Kiarabu. Kuburudi ni kupata ubaridi, na kuburudisha ni kuutia. Maji ya mtungi humburudisha mwenye kiu, na wimbo humburudisha aliyechoka. Hata vijana wanaposema “poa” wamo katika njia iyo hiyo: chai hupoa, na hali pia huwa poa.

Shida ni kwamba “burudani” yenyewe imechemka. Ukisikia leo kuna burudani uwanjani, unatarajia spika kubwa na vumbi. Kwa hivyo nilimshauri kijana aandike “muziki tulivu wa kielektroniki”. Kuchili abaki nalo mdomoni. Sina ugomvi nalo, maana limeshakubali viambishi vyetu: anachili, tulichili, hawachili.

Kuhusu “prodyuza”, “mtayarishaji” linatosha, ingawa wa redio na filamu pia huitwa hivyo. Aandike “mtayarishaji wa muziki” tukamalizana.

Mstari wa tatu ndio uliotuweka barazani hadi jioni. Katika lugha yetu mgeni ni mtu wa kupita. Hula, hulala, akaenda zake, na nyumba hubaki ya mwenyewe. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sasa mimi nauliza: akishalima, mavuno ni ya nani?

Wasanii wa Bongo Fleva wana jibu lao, ambalo limevuka mpaka na kuingia katika Kiswahili chetu cha Kenya: msanii fulani “akimshirikisha” fulani. Tulitazame umbo hili. Kitenzi ni “shiriki”, kikaongezwa kiambishi cha usababishi -ish-. Kumshirikisha mtu ni kumfanya awe na sehemu katika jambo. Jamaa zake ni mshirika, ushirika na shirika. Mwanachama wa ushirika haendi ofisini kama mgeni, anakwenda kudai mgao wake.

Kwa hiyo tuna ngazi tatu. “Mwalikwa” ni yule aliyeitwa tu. “Aliyeshirikishwa” ana sehemu, ingawa mwenye kazi ni mwingine. “Wanaoshirikiana” wako sawa, kwani kiambishi -an- hudai kutendeana. Kundi la Zero 7 la Uingereza lilipotoa albamu ya Simple Things mwaka 2001, liliwashirikisha Sia, Sophie Barker na Mozez, na kila mmoja alitajwa kwa jina. Mzaliwa wa Zanzibar, Mim Suleiman, alipotoa Tungi mwaka 2010, akiimba Kiswahili juu ya mapigo ya kielektroniki aliyoyatayarisha Maurice Fulton, hakuwa mgeni wa mtu. Jina la mbele lilikuwa lake.

Mtu atasema haya ni maneno tu. Si kweli. Mwaka 1973 Clare Torry aliitwa studio London kuimba katika wimbo mmoja wa Pink Floyd. Hakupewa maneno ya kuimba. Sauti ile aliibuni mwenyewe palepale, akalipwa pauni 30. Alikwenda mahakamani mwaka 2004, na mwaka uliofuata wakapatana nje ya kesi. Tangu hapo jina lake huandikwa kama mtunzi pamoja na Richard Wright. Zaidi ya miaka 30 ilipita kabla ya neno kubadilishwa.

Kenya nayo imetofautisha kazi hizi hadi katika vyama vya kukusanya mirabaha: MCSK iliundwa kwa ajili ya watunzi na wachapishaji, PRISK kwa ajili ya waimbaji na wapigaji ala, na KAMP kwa ajili ya watayarishaji wa rekodi. Mtu mmoja anaweza kuwa mtunzi na mwimbaji kwa wakati mmoja. Neno “mgeni” halimpi nafasi yoyote kati ya hizo.

Nikamuuliza mpwa wangu wale wanne walifanya nini. Watatu waliimba maneno aliyoyaandika yeye. Wa nne ni mama wa kwaya, jirani yao. “Yeye nilimpa mdundo tu, mjomba. Maneno ni yake ya Kitaveta, na sauti aliitoa mwenyewe.”

“Basi huyo si mgeni,” nikamwambia. “Hata ‘akimshirikisha’ halimtoshi. Mmetunga pamoja.”

Alinyamaza kidogo, kisha akauliza, “Na pesa je?”

Nilimwambia hilo si la profesa wa lugha. Aende kwa mama yule kabla albamu haijatoka, wakubaliane, waandikiane. Alichukua kalamu, akafuta “wageni wanne”, akaanza kuandika majina. La mama wa kwaya aliliweka kando ya lake, chini ya neno “watunzi”.