Visima Viwili vya Olkaria

Msafiri atokaye Nakuru kwenda Naivasha asubuhi na mapema, baridi ingali kali, akitupa macho ng'ambo ya ziwa, upande wa kusini-magharibi, ataona mawingu meupe yakipanda kutoka vilimani. Mgeni hudhani ni msitu unaoungua. Sisi wenyeji tumezoea, wala hatugeuzi shingo. Mahali hapo ni Olkaria, na yale mawingu ni mvuke utokao chini ya ardhi.

Nilipokuwa mtoto nilimsikia mzee mmoja wa kwetu akisema ya kwamba zamani, kabla ya Uhuru, Wazungu walitoboa mashimo mawili marefu huko Olkaria wakitafuta urani, yaani madini yale ya bomu. Kwamba waliyapata, wakayaziba mashimo, wakanyamaza. Niliyaamini maneno hayo miaka mingi. Na kwa kweli mzee hakukosa sababu. Katika miaka ya 1950 mataifa makubwa yalikuwa yakiitafuta urani kila pembe ya dunia, na karibu nasi, huko Shinkolobwe katika Kongo, ndiko ilikotoka sehemu kubwa ya urani iliyotumiwa katika bomu lililoangushwa Hiroshima mwaka wa 1945. Kwa hiyo mtu aliyeona mitambo ikitoboa jabali mahali pasipo na dhahabu angewaza nini tena?

Mashimo yalikuwako kweli, nayo yalikuwa mawili. Lakini kilichotafutwa hakikuwa urani. Kilichotafutwa ni moto.

Ili tufahamu moto huo umetoka wapi, yatupasa kulitazama Bonde la Ufa lenyewe. Mwaka wa 1893 kijana Mwingereza aliyeitwa J. W. Gregory, mtaalamu wa miamba, alipita kwa miguu kutoka pwani hadi Baringo. Watu wengi waweza kudhani kwamba bonde hufanywa na mto unaokula udongo kidogo kidogo. Gregory alipolinganisha miamba ya kuta zake mbili aliona sivyo: nchi imevutwa huku na huku ikapasuka, na kipande cha katikati kikadidimia. Yeye ndiye aliyelipatia bonde hili jina lake la Kiingereza linalojulikana ulimwenguni. Na kazi ya kupasuka haijaisha. Tarehe 6 Januari 1928 tetemeko kubwa lilipiga Subukia, si mbali na mji wetu wa Nakuru, likaacha ufa juu ya ardhi wenye urefu wa maili nyingi.

Basi, mahali gamba la dunia linapovutwa huwa jembamba, na mawe yaliyoyeyuka hupanda karibu na juu. Longonot, Eburru, Olkaria na Menengai ni matundu yaliyopitisha mawe hayo. Huko Olkaria mtiririko mmoja wa mawe, uitwao Ololbutot, ulimwagika miaka mia mbili na zaidi tu iliyopita. Kwa hesabu ya miamba hiyo ni kama jana jioni. Maji ya mvua yakizama katika nyufa hufika penye joto, hupata moto, nayo hutafuta njia ya kurudi juu. (Urani nayo ina fungu lake katika habari hii, kwa maana karibu nusu ya joto lote la dunia hutokana na urani, thori na potasi zinazooza polepole ndani ya mawe. Mzee wetu hakuwa mbali sana na ukweli.)

Wakulima waliujua mvuke huu kabla ya mafundi wa umeme. Huko Eburru, tangu zamani za walowezi, ulitumiwa kukaushia pareto, na mpaka leo wako watu wanaoupitisha katika mabomba upoe na kugeuka maji ya kunywa, kwa kuwa mlima ule hauna mito.

Kazi ya Olkaria ilianza mwaka wa 1956. Kisima cha kwanza, X-1, kilifika mita 502. Cha pili, X-2, kilifika mita 942, yaani zaidi ya futi 3,000. Vipimo vilipoteremshwa vilionyesha joto la nyuzi 235 za Sentigredi. Hapa Nakuru maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, kwa hiyo msomaji aweza kupima mwenyewe ukali wa moto huo. Hata hivyo visima vilikataa. Havikutoa mvuke wa kutegemewa, na mwaka wa 1958 kazi ikaachwa.

Jambo hili huwashangaza wengi: penye moto kama huo, mvuke hukosekanaje? Sababu zaweza kuwa mbili. Ya kwanza, mwamba waweza kuwa wa moto na bado ukawa mgumu usio na nyufa, hata maji yasipate njia ya kuingia kisimani. Ya pili, maji baridi yaliyosimama ndani ya tundu huwa kifuniko kizito. Huyakandamiza yale ya moto yaliyo chini, nayo yakikandamizwa hayachemki. Siku hizi mafundi hushindilia hewa ndani ya kisima, kisha huifungua ghafula, mzigo ukaondoka, na kisima kikaanza kunguruma chenyewe.

Naona pia kwamba haja haikuwa kubwa wakati ule. Bwawa la Owen Falls, Uganda, lilikuwa limefunguliwa mwaka wa 1954, na mwaka wa 1958, mwaka ule ule visima vilipoachwa, umeme wake ulianza kuletwa Kenya kwa nyaya. Mwenye jirani mwenye moto hapekechi vijiti. Lakini yasikitisha kidogo kukumbuka kwamba mwaka huo huo wa 1958 watu wa New Zealand walifungua kituo chao cha Wairakei, kinachotumia mvuke wa namna hii hii.

Miaka zaidi ya kumi ikapita. Kuanzia mwaka wa 1970 Serikali ya Kenya, Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa na kampuni ya East African Power and Lighting walirudi bondeni. Walipima Olkaria, Eburru na ziwa Bogoria, kisha wakaichagua Olkaria. Na hapo, bwana msomaji, pana jambo lililonifanya niandike habari hii. Kisima cha kwanza cha safari ya pili, OW-1, kilichotobolewa kiasi cha mita 1,000, kilikuwa baridi kupita hata vile viwili vya zamani. Mashimo matatu, na hakuna umeme wa kuwasha taa moja! Karani yeyote aliyewahi kushika daftari za matumizi ya Serikali ajua ni maneno gani husemwa mezani siku ya namna hiyo. Lakini walisogea upande mwingine wakatoboa OW-2, wakavuka mita 1,300, na mvuke ukatoka.

Bei ya mafuta ilipopanda ghafula mwaka wa 1973, hakuna aliyeuliza tena kama kazi hiyo ina maana. Mashine ya kwanza, ya megawati 15, iliwashwa mwaka wa 1981. Ya pili ikafuata mwaka wa 1982, na ya tatu mwaka wa 1985. Leo mvuke wa Bonde la Ufa huipa Kenya zaidi ya megawati 900, karibu nusu ya umeme wake wote. Hata waridi za Naivasha huota joto lake: tangu mwaka wa 2003 shamba moja kubwa hupasha moto nyumba zake za maua kwa kisima kisichofaa kwa umeme.

Si kila mtu aliyefurahi. Nchi ile ni malisho ya Wamasai. Mwaka wa 2014 jamaa wapatao 150 walihamishwa kupisha kituo kipya, wakajengewa nyumba mahali pengine. Baadhi yao walilalamika mbele ya Benki ya Dunia na Benki ya Uwekezaji ya Ulaya juu ya ardhi waliyopewa na namna walivyohamishwa, na ikabidi wapatanishi waje. Mtu asomaye kwa taa ya Olkaria afadhali ajue na hilo.

Na sisi wa Nakuru tuna moto wetu mlangoni. Menengai, mlima ulioporomoka ukaacha shimo la upana wa kilomita 11 hivi, ambamo husimuliwa kwamba wapiganaji wa Laikipia walitupwa wakati wa vita vya Wamasai, ulianza kutobolewa mwezi wa Februari 2011. Huko mafundi walikutana na jambo la ajabu. Katika visima kadhaa, kwenye kina cha kilomita 2 hivi, kekee ilirudisha vipande vya kioo kipya: walikuwa wameyagusa mawe yaliyoyeyuka yenyewe. Visima vingine vilitoa mvuke mwingi, vingine vikawa hafifu, na kila kimoja hugharimu dola milioni kadhaa. Kituo cha kwanza, cha megawati 35, kilianza kutoa umeme mwaka wa 2023, yaani miaka 12 tangu kisima cha kwanza kutobolewa.

Mwaka jana nilipanda Eburru kwa shughuli za ofisi. Kituo kidogo cha megawati 2.5, kilichofunguliwa mwaka wa 2012, kilikuwa kikivuma nyuma ya miti. Hatua chache kutoka njiani, mama mmoja alikuwa ameinamisha mtungi chini ya bomba kuukuu, akingojea mvuke utone. Nilimwamkia, nikamwuliza kama maji hayo ni matamu. Akanikingia kikombe. Yalikuwa ya uvuguvugu bado.