Kuonekana Juu Google: Unalipia Nini Hasa?

Ndugu mfugaji, unauza vifaranga au miche na tovuti unayo. Anatokea mtu anakwambia, "Nipe hela, wiki ijayo utakuwa wa kwanza Google." Subiri kidogo.

Nafasi kwenye matokeo ya kawaida ya Google haiuzwi. Kinachouzwa ni tangazo, na kwa kawaida unakatwa hela kila mtu anapolibofya. Hela ikiisha, tangazo linatoka.

SEO ni kama kurutubisha udongo: unalipia kazi ya fundi, na matokeo huchukua miezi 4 hadi mwaka. Google wenyewe wanasema hakuna anayeweza kukuhakikishia namba moja.

Kabla hujalipa, anza na haya ya bure:

1. Sajili biashara yako Google ili ionekane kwenye ramani.
2. Andika maneno anayotafuta mteja: "vifaranga chotara Morogoro", siyo "karibu kwenye tovuti yetu".
3. Punguza uzito wa picha, tovuti ifunguke haraka kwenye simu.

Ukiamua kumpa fundi kazi, muulize kila mwezi atafanya nini na utaonaje matokeo. Nywila zibaki kwako. Akibabaika, hela hiyo nunulia chakula cha kuku.